Mama wa Mashine na Barua za Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 6 Agosti

Mkanda ule ule tena. Saa nane mchana, kibanda kimejaa, joto kama ndani ya sufuria ya matoke iliyofunikwa majani. Uvundo wa soksi. Uvundo wa jasho. Mtoto mmoja wa benchi la mbele alijikojolea kwa sababu hakutaka kupitwa na picha, na hakuna aliyesogea, nao hawakutaka kupitwa. Mimi mbele yao na maiki yangu iliyofungwa plasta. Mate ya miaka sita yamekauka kwenye wavu wake. Leo niliinusa kwa bahati mbaya. Nusura nitapike.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Si kwa kalamu, kwa mdomo. Picha inatembea, wazungu wanasema yao, nami nasema juu yao kwa Kiswahili. Sauti zote mimi: baba, mtoto, mama, jambazi, mbwa. Vibanda vingine vya Kampala vinatafsiri kwa Kiganda. Hapa Naguru, chini ya kambi ya polisi, watu ni wa kaskazini, wa Kongo, wa kila upande, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Wananiita Mzee Maiki. Miaka arobaini na tisa, tumbo la mjamzito, sharubu za afande, halafu nalia kama mwanamke aliyeachwa. Watu wanapenda hilo kuliko filamu yenyewe.

Kazi hii ina sheria moja: usinyamaze. Mtafsiri akinyamaza, kibanda kinapiga miluzi.

Filamu ni ya zamani, ya mambo ya angani. Baba na binti yake mdogo wako ndani ya chombo, wanakwenda mbali, miaka na miaka. Mama amebaki duniani. Kila jioni mashine inamletea mtoto sauti ya mama: umekula, umeoga, nakupenda. Ukweli ni kwamba mama alikufa kabla hawajaondoka. Baba ndiye aliyeiagiza mashine imwigize. Mtoto anakua, anashuku, anaweka mtego. Anauliza, "Mama, unalikumbuka koti langu jekundu?" Hajawahi kuwa na koti jekundu. Mashine inajibu, "Nalikumbuka, mwanangu, lilikupendeza." Basi. Amejua.

Huo ni mwisho wa wazungu. Mwisho wangu ni mwingine. Kwangu koti lilikuwepo. Kwangu mama yu hai, anawangoja Entebbe na chakula. (Chombo nilikirusha kutoka Entebbe. Siku ya kwanza watu walisimama kupiga makofi.) Mtoto kwenye picha analia kwa uchungu, mimi nasema analia kwa furaha. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Leo pia hakuna aliyeuliza. Walipiga makofi. Mimi nikasikia kinyaa. Labda ni ile maiki.

Jumatano, 8 Agosti

Shule zinafungwa Ijumaa. Maana yake: barua.

Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuliandika. Akello ni binti wa dada yangu Betty. Ana miaka kumi na mmoja. Betty alimwacha kwangu akiwa na miaka minne na nusu, akaenda kyeyo London, vibarua vya kufagia na kuogesha wazee wa watu. "Miezi sita tu, kaka." Barua mbili zilikuja. Kisha kimya. Akello akapata malaria, mwili unachemka, midomo imepasuka, anauliza barua ya mama. Nikaandika moja. Moja tu, mpaka apone.

Alipona. Mimi ndiye sikupona.

Tangu hapo, kila mwisho wa muhula, barua. Naandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usiwe wangu. Stempu nabandua kwenye bahasha kuukuu za karani mmoja wa Kyambogo mwenye ndugu nje. Mwaka juzi "mama" alituma hata soksi za maua. Nilizitoa mitumbani Owino, nikazifua mara tatu, bado zilinuka dawa ya nondo. Akello alizinusa akafumba macho. "Anko, hii ndiyo harufu ya London." Nilitoka nje kwenda kucheka. Nikikikumbuka kicheko kile leo natamani kujizaba kofi.

Mke wangu aliondoka zamani. Alisema nyumba ina watu wengi mno na wote ni mimi.

Na yule binti wa kwenye filamu, nilimpa jina Akello. Ilikuwa zawadi. Watoto wa kambini wanamwita Akello wa Angani, naye alikuwa akitembea kifua mbele kwa ajili hiyo.

Betty yuko hai. Hilo nalijua. Najua na zaidi, lakini sitaliandika leo. Nimetoka kula sasa hivi.

Ijumaa, 10 Agosti

Akello amerudi kutoka shuleni Mengo. Ripoti nzuri. Wa tatu. Nilimpikia kuku kwa karanga. Hakula.

Mwalimu wao aliwawekea runinga ukumbini, darasa la sita lote, kufurahia mwisho wa muhula. Nikauliza filamu gani, mdomo umejaa chakula.

"Ile ya angani."

Nilimeza mfupa. Mfupa kweli, umenikwaruza koo hadi sasa.

"Ilikuwa nzuri?"

"Hakukuwa na mtu wa kutafsiri. Tulisikia wenyewe." Akawa anaviringa ugali kidoleni, haupeleki popote. "Anko, kule koti halikuwepo."

Nikamwambia mikanda iko ya aina mbili. Ya Uingereza na ya Amerika. Kila mmoja na mwisho wake. Uongo ulitoka mwepesi kama ute wa bamia, unavutika tu, haukatiki. Akaniangalia. Akasema, "Oo." Akaenda kuosha vyombo.

Kuku wote nimemla mimi. Nimejaa. Najichukia na bado najilamba vidole.

Jumapili, 12 Agosti

Baada ya kanisa Akello amenipa barua. Ya kumpelekea mama yake. Si mara ya kwanza, huwa anamwandikia na kunipa niitume posta, nami huituma chini ya godoro langu. Ziko nyingi huko. Nalala juu yake.

Nimeifungua akiwa kisimani. Habari za shule. Habari za jino lililong'oka. Amesema mimi nimenenepa na nakoroma kama jenereta (mwongo, jenereta hupumzika). Mwishoni:

"Mama, unamkumbuka yule kifaranga wa kijivu uliyeniachia siku ile unaondoka? Nimesahau jina lake. Niambie."

Kifaranga simkumbuki. Lakini siku ile nilikuwa nimebeba begi la Betty kwenda kumtafutia gari, sikuona yote. Inawezekana. Betty alipenda sana vitu vidogo vidogo vyenye manyoya.

Swali jepesi. Nilidhani atauliza utarudi lini. Nimeshusha pumzi.

Jumanne, 14 Agosti

Nimeiandika. Mkono wa kushoto umezoea, siku hizi unaandika vizuri kuliko wa kulia. Wa kushoto una adabu. Unasema "mwanangu kipenzi" bila kutetemeka.

Kifaranga nimempa jina Sajini. Baba yetu alikuwa sajini hapo hapo kambini, basi ni jina ambalo Betty angelichagua. Nimeandika: "Namkumbuka sana, alikuwa anakufuata hadi chooni." Nililipenda hilo la chooni. Nilijipongeza.

Mama Furaha akaingia bila hodi. Ni jirani, Mkongo wa Bukavu, anauza vitenge na samaki wakavu, na mlango wake na wangu inatazamana kama watu wawili wenye kesi. Yeye ndiye pekee anayejua. Aliona wino kwenye kidole cha kushoto.

"Yo! Baba Maiki. Uko naandika tena uongo?"

"Naandika riwaya, Mama Furaha."

"Iko siku huyu mutoto atakukamata. Utakosa pa kuweka sura."

"Sura yenyewe hii. Nani ataitaka?"

Kwa kawaida hucheka. Leo hakucheka. "Weye ni mutu muzuri," akasema, "njo maana inaniumiza." Akaondoka na harufu ya samaki ikabaki. Nimefungua dirisha. Haiondoki. Nimenusa viganja vyangu, kumbe si samaki tu.

Barua itakaa wiki mbili. Barua za London haziji kesho yake. Mimi mwongo, lakini si mjinga.

Jumatatu, 20 Agosti

Akello anakuja kibandani kila siku. Zamani alikaa nyuma na wasichana wenzake, wanatafuna karanga. Sasa anakaa benchi la mbele, peke yake. Haangalii picha. Anaangalia mdomo wangu.

Jaribu kufanya kazi mtu akikuangalia mdomo. Unaanza kuusikia. Midomo yangu ni minene, ina unyevu, inapandana kama konokono wawili wanaochumbiana. Nilichanganyikiwa, nikampa jambazi sauti ya mama. Jambazi ameshika bastola, anasema, "Mwanangu, umeoga?" Kibanda kikaanguka kwa kicheko. Afande Drani, polisi mstaafu mwenye kibanda, alicheka hadi akakohoa, akasema nifanye hivyo kila siku.

Akello hakucheka.

Ile ya angani sijaiweka tangu shule zifungwe. Watoto wanaidai. Nawaambia mkanda umeliwa na deki. Sasa namsingizia hata deki.

Jumanne, 28 Agosti

Leo barua "imefika". Niliingia nayo juu juu kama kombe la mpira. "Leo posta imetukumbuka!" Sauti yangu ilikuwa ya juu mno. Sauti ya mchuuzi mwenye nyanya mbovu.

Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama nilivyomfundisha. Akaenda nyuma ya pazia. Nikasikia karatasi inafunguliwa.



Jumatano, 29 Agosti

Asubuhi alinipikia chai. Akaiweka mbele yangu. Akabaki amesimama.

"Mzee."

Hajawahi kuniita Mzee. Mimi ni Anko tangu ajue kusema. Mzee ni mtu wa nje, mtu wa kupishwa njiani.

"Hakukuwa na kifaranga," akasema.

Nikatafuta neno. Mimi, ambaye kwa miaka sita sijawahi kukosa neno hata mbwa wa kizungu anapobweka.

"Hakukuwa na wa kijivu, hakukuwa na Sajini. Nilimtunga mimi. Kama lile koti."

Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitenge, godoro lake ameliviringisha. Akavuka uwanja hatua kumi hadi kwa Mama Furaha, mlango ukafungwa. Nikakaa. Chai ikapoa, ikaota utando, utando ukakunjamana. Nikaunywa hivyo hivyo, ukanigandia kaakaani. Nilistahili.

Kile kipande cha koti nimekitafsiri mara ngapi? Sijui. Nakijua kwa moyo. Na mtoto kaniwekea mtego ule ule, neno kwa neno, mchana kweupe, nami nimeingia mzima mzima na tumbo langu. Sikuuona kwa sababu mimi ndiye niliyeufukia. Kila mtu kibandani angeuona, kama ningewahi kuwaambia upo.

Alhamisi, 30 Agosti

Basi naliandika. Tumboni hamna kitu, hakuna cha kutoka.

Mwaka jana mtu wa kwetu alirudi kutoka London kuzika. Nilimfuata matangani kumuulizia dada yangu. Amemwona. Betty ameolewa, ana watoto wawili wa kiume, nyumba ya matofali mekundu. Yule mtu alimtajia Akello. Betty akatabasamu, akamwambia, "Umenifananisha. Mimi sina mtoto Uganda."

Nilitapika kando ya barabara, nimevaa suti ya msiba. Nilimchukia Betty kwa raha sana. Mwaka mzima nimemchukia, chuki nzuri, nono, ya kumlisha mtu. Kila nilipoandika barua nilijiona mtakatifu pembeni yake. Akina mama wa kanisani wananiita mjomba wa mfano. Mchungaji alinitaja mimbarini. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilikuwa naficha tabasamu.

Sasa hesabu ni hii. Betty alimwacha mara moja. Mimi nimemfanya aachwe kila muhula.

Nimekwenda kugonga kwa Mama Furaha. Alifungua ufa tu. "Hataki," akasema. "Amelala na uso ukutani." Nikamwambia mwambie nampenda. Akanitazama juu hadi chini. "Kwa sauti ya nani?"

Ijumaa, 31 Agosti

Sijala. Nimeinua godoro. Barua zake zote ziko pale, zimebonyea umbo langu. Moja imeshika jasho, wino umevuja, inanuka mimi. Mtoto anamwandikia mama yake, na mama yake ni mgongo wangu.

Afande Drani amesema kesho Jumamosi lazima niweke ile ya angani. Watoto wanarudi shule karibuni, wameiomba likizo nzima. Nikamwambia sawa. Nimemwomba Mama Furaha amwambie Akello. Sikusema aje. Nimesema tu itakuwepo, saa nane.

Jumamosi, 1 Septemba

Kibanda kilifurika. Wengine walikaa mapajani mwa wengine. Akello aliingia picha imeshaanza, na Mama Furaha nyuma yake kama askari wa zamu. Wakasimama nyuma, karibu na pazia la mlango.

Nikaanza na kawaida. Entebbe na kila kitu. Lakini nilipofika pa kumwita binti, jina halikutoka. Nikasema "mtoto". Watoto wakapiga kelele, "Akello! Akello wa Angani!" Nikasema, "Leo huyu hana jina. Akello ni mtu."

Kila jioni mashine inasema, nami nasema: "Umekula? Umeoga?" Nikaongeza, kwa sauti yangu hii mbovu: "Hii ni mashine inayosema. Mama hayupo." Nikaona watu wanageuzana shingo.

Tukafika kwenye koti. Nikasema lile swali. Nikasema jibu la mashine. Kisha nikasema yale ambayo sikuwahi kuyasema: "Mtoto huyu hajawahi kuwa na koti jekundu."

Pale kwenye filamu pana kimya kirefu. Binti anaitazama mashine, taa yake inawaka inazima, hakuna neno. Miaka yote nimekijaza kimya kile kwa maneno ya mama. Nipo mwanangu. Nakuja mwanangu. Leo niliteremsha maiki.

Miluzi. "Maiki imekufa!" "Mzee, sema bwana!" Afande Drani kutoka kwenye kiti chake: "Mzee Maiki, umeme haujakatika. Mbona umekatika wewe?" Maganda ya karanga yakaanza kunitua kwenye upara, moja moja, kisha kama mvua. Niliogopa kuliko siku za vita. Mkono ulitaka kupanda wenyewe. Nikaushika kwa mkono mwingine.

Halafu baba anaingia, anapiga magoti. Nikainua maiki. "Mama yako alikufa kabla hatujaondoka. Niliogopa machozi yako, nikakupa mashine." Ni maneno yao hayo, sikuongeza kitu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mke wa konstebo mmoja alisimama na mtoto mgongoni. "Miaka yote hii umetudanganya, wewe mzee! Mimi nililia kwa furaha, kumbe mtu amekufa!" Ana haki. Watoto wawili walikuwa wanalia kweli. Nimewaharibia likizo.

Taa zilipowashwa Akello hakuwepo.

Jumapili, 2 Septemba

Alikuja saa nne asubuhi. Hakukaa.

"Amekufa?"

"Hapana. Yuko hai."

Nikamwambia yote. Nyumba ya matofali. Watoto wawili. Nilipofika kwenye "umenifananisha" nilitaka kulipaka sukari, ilikuja sukari yenyewe hadi ulimini, labda aliogopa, labda yule mtu alisikia vibaya. Nikalimeza. Nikasema vile lilivyosemwa.

"Hao watoto wanaitwa nani?"

"Sijui."

"Mama ananikumbuka?"

"Sijui."

"Ataandika?"

"Sijui, Akello."

Sijawahi kusema sijui mara tatu mfululizo. Kila moja ilinitoka kama jino.

Akasema, "Nasikia kichefuchefu," akatoka mbio. Nikamkuta ameinama kwenye mfereji nyuma ya nyumba, anatapika. Wakati wa malaria ile nilikuwa namshika paji la uso. Nikasogea. Akainua kiganja bila kugeuka: usiniguse. Nikasimama.

Kichefuchefu kikaja tena, kikali zaidi. Nikasogea tena. Safari hii kiganja hakikuinuka.

Paji lake lilikuwa la baridi, limelowa. Matapishi yaliniingia kwenye viatu. Viatu vya kanisani. Hicho ndicho kitu pekee wiki hii ambacho hakikunitia kinyaa.

Alhamisi, 6 Septemba

Amerudi na godoro lake. Mama Furaha alilibeba kichwani, akalitua, akasema, "Ni mutoto ndiye amesema. Mimi ningekuacha unuke peke yako." Kisha akaniletea samaki wawili. Wananuka vile vile. Nimekula.

Akello hasemi sana. Ananiita "wewe". Kutoka Mzee hadi wewe ni kupanda cheo.

Kibandani wamenisamehe nusu. Wanadai ile ya jambazi anayeuliza umeoga. Maiki nimeifungua plasta, nikaisugua kwa mswaki na sabuni. Maji yaliyotoka sitayaelezea.

Jumapili, 9 Septemba

Kesho shule zinafunguliwa. Mvua ndogo tangu asubuhi. Nimempigia pasi sare, nimeunguza kola kidogo, ameigeuza ndani.

Nilimpa zile za chini ya godoro. Zake. Alizipokea kwa ncha za vidole, akazinusa, akakunja uso. "Zinanuka wewe." Akazianika juu ya kamba ya nguo, ndani, moja moja, kwa vibanio. Sebule nzima ikajaa barua zinaning'inia. Tulikuwa tunapita chini yake tumeinama.

Kisha akatoa kopo la maziwa anamoweka za mama. Akazipanga mezani mafungu mawili. Hakunihitaji kumsaidia. Fungu moja, barua mbili. Fungu la pili, zilizobaki. Zile mbili akazifunga kwa uzi akazirudisha koponi. Fungu la pili alilipekua taratibu, akachomoa ile ya soksi.

"Hii uliandika huku unacheka?"

"Ndiyo."

Alisoma tena. Pembe ya mdomo ikasogea, kidogo sana, ikarudi. Fungu la pili akaliweka kwenye begi la shule. Sikuuliza kwa nini.

Baada ya chai akaleta ripoti ya muhula uliopita. Lazima irudi imesainiwa. Chini kabisa pana mstari wa mzazi au mlezi. Kila muhula nimeandika pale "kwa niaba ya mama", na sahihi ndogo pembeni.

Nikachukua kalamu. Nikaandika "kwa".

Kidole chake kikatua juu ya karatasi, mbele ya kalamu. Kucha imeliwa, ina wino.

"Andika jina lako tu, Anko."

Nikalikata lile neno. Nikaandika majina yangu, yote matatu, kwa mkono wa kulia. Mwandiko mbaya. Alipuliza wino ukakauka, akaikunja, akaenda kulala.